Mdomo Wangu Uko, Sauti Haiko

Jumapili

Na huyo Shiro ndiye aliyetuandikia sisi wanakwaya sheria za kuimba pamoja mtandaoni! Rekodi ukiwa na earphone, usiongeze mwangwi, tuma kabla ya Ijumaa, na kila anayetuma atasikika. Nilizifuata zote. Nilijifungia hapa kwangu Kiuu, nikajifunika blanketi kichwani ndio kelele za majirani zisiingie, nikaimba sauti ya pili hadi jasho likanitoka.

Leo ameweka video. Uso wangu uko pale juu, mdomo unafunguka vizuri. Lakini sauti ya pili ni yake mwenyewe! Amefuta yangu akaimba yake.

Nikamuuliza kando, akanijibu, "Yako ilikuwa inavuta wimbo chini, dia. Nilitaka tu tutoke poa."

Dia! Si angetoa na uso pia? Wenzangu wote wanapiga makofi kwa group, na mimi nilikuwa naandika niwaambie kwamba...

Mum akapiga simu kutoka Gatuanyaga. Ameonyesha watu wa kanisa video. "Njeri, sauti yako nimeijua hata kabla sijaona uso," akasema, karibu alie.

Nikajibu, "Asante, mum."

Hiyo asante, Shiro, sitakusamehe.