Bajan Katika Sebule Yetu ya Kimulot

Mpenzi wangu Baba Moraa,

Huku Kimulot mvua haijaacha, na majani yanachipuka haraka kuliko mikono yangu inavyochuma. Lakini leo sikuandikii habari za chai. Jumamosi Moraa wetu alileta mwanaume nyumbani, na kuna wakati nilidhani ndugu yako Omoke angeivunja familia uliyoniachia.

Anaitwa Terrence. Anatoka Barbados, kisiwa kidogo huko Karibi, na anafundisha chuo kimoja hapo Kericho. Hata kabla hajavua viatu, majirani walishampa jina: Mjamaika. Moraa akakasirika. "Mama, Jamaika ni nchi ingine kabisa. Yeye ni Bajan. Sema 'Bejan'." Nikafanya mazoezi jikoni nikigeuza kuku, kama mtoto wa nasari.

Unakumbuka tulipohamia hapa kutoka Kisii, walivyotuita "wale wa kuja"? Mimi nilikuwa nalia. Wewe ulicheka tu, ukasema, "Watachoka."

Omoke alikalia kiti chako. Nilikuwa nimemwalika pia jirani yetu, Mzee arap Koech, naye akaketi kando yake.

"Kijana, kabila gani?" Omoke akaanza, hata chai haijamiminwa.

"Mimi ni Bajan, mzee."

"Hiyo ni kabila?"

Terrence anaongea Kiswahili polepole. "Hapana. Kwa pasipoti ni Barbadian. Sisi nyumbani tunafupisha. Mweusi ni Bajan, mzungu aliyezaliwa huko ni Bajan. Chakula chetu, hata vile tunaongea, yote tunaita Bajan."

"Hilo ni jina la mtaani. Nauliza ukoo. Babu zako walitoka wapi?"

"Afrika. Waliletwa na meli, wakauzwa kwa mashamba ya miwa. Kijiji sijui, mzee. Hakuna mtu alibaki wa kuniambia."

Omoke akaweka kikombe chini. "Siwezi kumpa msichana wetu mtu asiyejua kwao."

Machozi yakamtoka Moraa bila sauti. Terrence akainamisha kichwa, akaangalia mikono yake.

Baba Moraa, niliiona tena ile asubuhi ya mwaka wa vurugu za uchaguzi. Vijana na mapanga mlangoni, wakikuuliza, "Wewe ni mtu wa wapi?" Moraa alikuwa darasa la pili, amejificha nyuma ya sketi yangu. Ukajibu, "Mimi ni mtu wa Kimulot." Sauti yako ilikuwa imara, mimi nikiwa nimeshika shati lako kwa nyuma. Wakakucheka. Ni Koech aliyeruka ua, akasimama kati yako na wao, akawafokea kwa Kipsigis, lugha yake na yao, mpaka wakaondoka.

Nikasimama, mimi ambaye sijawahi kufungua mdomo mbele ya wazee wa kwenu.

"Shemeji, hilo swali nusura limuue ndugu yako hapo mlangoni. Usimuulize mgeni wangu kama wale vijana. Amekwambia jina watu wake wanajiita. Inatosha."

Omoke hakunitazama. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini, "Mama Moraa, ndoa inataka wazee wa pande mbili. Wake wako wapi? Nani atamsemea?"

Hapo Koech akainuka taratibu, akavuka sebule, akaketi kando ya Terrence.

"Ni mimi," alisema, na lile jina Bajan likamtoka kwa matamshi ya Kipsigis. "Mzee wa huyu Pechan ni mimi. Sasa, Omoke, sema mnataka nini."

Omoke hakutabasamu. Alikaa, akamtazama Koech, akamtazama kijana. Kisha akamwambia Moraa alete maji, watu wanawe mikono.

Terrence atarudi mwezi wa nane kuposa, Koech akiwa mbele yake. Bado naogopa. Omoke hajakubali, amekubali tu kusikiliza. Na akikubali, huenda siku moja Moraa akaenda naye mbali sana nami nikabaki na chai hii peke yangu. Ila usiku ule nililala usingizi ambao sijaupata tangu tukuzike.

Kama nilikosea kusema mbele ya wazee, nijie ndotoni unikemee. La sivyo, ninyamazie, kama ulivyozoea ukikubaliana nami.

Lala salama, mtu wa Kimulot.

Mkeo,
Mama Moraa