Tangawizi Chini ya Mgomba

Mowlem, Nairobi
Jumatano, baada ya shule

Mpendwa nyanya yangu, Kukhu,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye sala nimekuwa nikilizunguka. Kile kitambaa cheupe ulichozika chini ya mgomba, nyuma ya jikoni, hakikuwa na kitovu cha Nasimiyu ndani yake. Kilikuwa na kipande cha tangawizi. Ni mimi niliyekitia.

Sasa naweza kukusalimu. Nimetanguliza hilo kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe na mambo yenyewe yabaki. Hujambo, Kukhu? Goti la kushoto linasemaje siku hizi za baridi? Natumaini umeketi na umevaa miwani yako, ile iliyofungwa kwa uzi. Sisi ni wazima wa mwili. Nasimiyu ametimiza miezi mitano. Amenona mikono mpaka vifundo vimezama, na akiona mbwa hucheka kuliko akituona sisi.

Ningepiga simu lakini simu yetu unaijua. Baba huweka sauti ya juu, na Senge naye huko kwako huweka sauti ya juu, kwa maana ni dada yake kweli, na neno moja linasikika plotini kwetu na bomani kwako kwa pamoja. Mimi nikipewa husema, "Niko sawa, Kukhu," kisha nairudisha haraka. Si kwamba sina la kusema. Huwa linakuja baada ya simu kukatwa.

Utaona mwandiko unarukaruka. Nimeinuka mara nne tangu nianze. Mtoto akilia naenda, akinyamaza naenda kuangalia kwa nini amenyamaza. Nikisikia mtu anakuja naingiza karatasi ndani ya kitabu cha Jiografia na kujifanya nachora mto.

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa na wiki moja tangu atoke kujifungua. Mama Njoki wa mlango wa pili alikuwa akileta sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, kila siku, kwa sababu kwao mzazi asipokula njahi ni kama hajazaa. Alileta na tangawizi ya chai, mzizi mzima, tukauweka dirishani. Mama alikuwa akinong'ona, "Nafula, nikila njahi ya kesho nitaamka nikiongea Kikuyu." Lakini aliila, na sahani akaipangusa.

Wewe ulikuwa umeshapiga simu kuagiza. Kitovu kikianguka kisitupwe. Kifungwe kwenye kitambaa cheupe, na kikishafungwa kisifunguliwe tena, kiletwe kwako ukizike pale kilipozikwa changu na cha Baba. Mama alinikabidhi mimi kazi hiyo. Alisema, "Wewe ndiwe uliyelelewa na Kukhu, unajua mambo yake." Kukhu, nilitembea siku nzima nikijihisi mtu mkubwa.

Siku ya nane asubuhi Mama alikuwa bafuni. Nilikuwa nikimbadilisha mtoto nepi, na kitovu kikatoka pamoja na pamba. Kilikuwa kidogo, cheusi, kigumu kama ncha ya ganda la maharagwe. Sikukiogopa. Nilikilaza kwenye stuli juu ya ile pamba ili nimfunge mtoto kwanza, maana alikuwa akirusha miguu. Mlango ulikuwa wazi jua liingie.

Mbwa wetu hujawaona. Wako wawili. Mzee hulala langoni na hana haja na mtu. Chapo ni jike, bado mdogo, rangi yake kama chapati iliyoungua hapa na pale. Tangu Nasimiyu aletwe, Chapo alihama kutoka langoni akaja kulala chini ya dirisha letu, na mtoto akilia yeye pia hulia. Siku hiyo aliingia polepole, akapitisha ulimi juu ya stuli mara moja tu, kama mtu anayefuta meza. Pamba ikaenda, na kitovu kikaenda.

Nilimtia vidole mdomoni mpaka kooni. Aliniacha, akidhani tunacheza. Hakukuwa na kitu.

Nikasikia Mama akiweka ndoo chini. Nilitazama huku na huku, nikaona tangawizi dirishani. Nilimega ile ncha iliyosinyaa zaidi, nikaizungushia pamba, nikaifunga kwenye kitambaa mafundo matatu. Mikono ilifanya mambo hayo kabla sijaiuliza.

Mama akaingia na taulo kichwani. "Kimeanguka?"

"Kimeanguka."

"Hakikutoa damu?"

"Hapana."

Alikichukua kile kitambaa, akakiweka shavuni, akafumba macho na kuanza kuomba. Nilitaka kusema wakati huo huo. Lakini alikuwa ameshafumba macho, na mtu aliyefumba macho unamkatizaje? Alipofumbua alikuwa akitabasamu, na hapo ikawa vigumu zaidi.

Mjomba Barasa akatoka kwake Pipeline kuja kukichukua. Alipokufikishia alitupigia simu kujisifu kwamba safari nzima hakutoa mkono wa kulia kwenye mfuko wa shati. Mama akamuuliza alikulaje njiani. Akasema, "Kwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kazini." Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nilifikiri kitaoza, basi, kimeisha. Hata sikukumbuka kwamba tangawizi hupandwa. Na shuleni, kwenye mtihani wa Kilimo, swali la mimea inayooteshwa kwa vipande lilikuwepo na nililipata.

Ile siku ulipopiga simu nilikuwa nimempakata Nasimiyu. Sauti yako ilikuwa ya chini, ile unayoitumia ukiwa kwenye matanga. Ulisema, "Wekesa, kuna kitu kimeota pale."

Baba akakuuliza wewe mama yake, "Wapi, Mayi?"

"Pale pa mtoto. Kina majani membamba kama mwanzi. Sijawahi kukiona hapa kwetu."

Na Senge kutoka nyuma yako: "Mwambie hata kuku wanakipita mbali."

Baba alisema labda ni magugu.  Mama alikuja akamtoa mtoto mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayeondoa glasi karibu na ukingo wa meza.

Tangu siku hiyo Mama hatulii. Nasimiyu akilala, Mama humwekea kiganja karibu na pua kuhisi pumzi. Akilia, Mama husimama katikati ya chumba na kugeuka huku na huku kama aliyepoteza ufunguo. Mama Njoki amemwambia, "Ni tumbo tu, mama, mbebe wima, huyu mtoto ana afya kuliko mimi." Mama huitikia, lakini haamini. Nyumba yetu ni vyumba viwili na siku hizi sisi wote tunatembea ndani yake. Baba huenda langoni kuangalia kufuli analojua limefungwa. Chapo huinuka, huzunguka, hulala, huinuka tena.

Halafu Jumapili Senge akasema huli. Akasema umesema mikono yako lazima ilifanya kosa siku ile ya kuzika, na kwamba tukija Desemba hutamshika Nasimiyu. Tumlaze kwenye mkeka, wewe umtazame tu. Na Jumapili hii wamama wa kanisa watakuja kuombea pale na kukichimbua hicho kitu.

"Umtazame tu." Kukhu, nimetembea na maneno hayo kwenda shule na kurudi tangu Jumapili. Wewe ulinibeba mgongoni mpaka watu wakakuuliza kama sina miguu. Mikono yako haina kosa lolote. Ulichopewa ulikizika vizuri, kwa maombi, ndiyo maana kikaota.

Hata hivyo bado ningenyamaza. Nakwambia ukweli, mimi ni mwoga. Kilichonisukuma ni leo. Nimetoka shule nikamkuta Mama akimwogesha mtoto kwenye beseni. Hakuniangalia. Aliuliza, "Nafula, siku ile kitovu kilipoanguka, kilikuwa kizima?"

Nikajibu, "Kilikuwa kizima, Mama."

Akaendelea kumwagia mtoto maji mgongoni kwa kiganja. Kisha akasema, kama anaongea na beseni, "Basi ni mimi. Kuna kitu nilikosea nikiwa na mimba yake."

Nilitoka nje nikakaa na Chapo. Nikaona jinsi uongo wangu unavyopita mtu mmoja mmoja, na kila anayefikiwa anadhani ni wake. Umefika kwako, umefika kwa Mama. Ukitoka kwa Mama ni nani anayebaki? Ni Nasimiyu. Atakua akiambiwa yeye ni yule aliyeotewa na kitu kisichojulikana. Watoto wenzake watamwita hivyo kisimani.

Kuna jambo linalonizuia ambalo utaliona dogo. Juzi Chapo alikutwa amelalia kofia ya Nasimiyu, ile uliyoifuma. Hakuitafuna, aliilalia tu. Baba akasema ana rafiki anayelinda kiwanda kule Mukuru kwa Njenga, anatafuta mbwa. "Kosa moja tena," alisema, "na Chapo anaenda kuajiriwa." Alisema kama mzaha, lakini Baba akiamua jambo huanza nalo kama mzaha. Sasa nikisema kitovu kilienda wapi, hilo ni kosa la namna gani? Chapo hatakuwa na wa kumtetea ila mimi, na wewe unajua ninavyotetea watu. Nakauka.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mwambie Baba mlango niliuacha wazi mimi, na kitovu nilikiweka chini mimi, mahali ambapo mbwa yeyote angefika. Wewe anakusikiliza. Ukitaka kujua kitovu cha Nasimiyu kilizikwa wapi, kimo ndani ya mbwa anayelala chini ya dirisha lake mchana wote, na ambaye haendi popote asipoenda yeye. Sijui kama hapo panahesabika kuwa nyumbani. Mambo hayo unayajua wewe.

Lakini usingoje Jumapili. Ukimaliza kusoma, enda nyuma ya jikoni. Vunja jani moja la kile kitu, lisugue kwenye viganja, unuse. Utaijua harufu hata kabla mikono haijafika puani. Waambie wamama wa kanisa waje tu, waje na maziwa ya chai. Halafu ule, Kukhu. Ule mbele ya Senge ili atuambie kwenye simu.

Jambo moja zaidi. Nywele za kwanza za Nasimiyu Mama bado hajazinyoa, anasubiri tuje. Kama nywele zinaweza kusimama mahali pa kitovu, nitazileta mimi mwenyewe Desemba. Sitafunga fundo hata moja. Utafungua, utazame kwanza, ndipo uzike. Na kama haziwezi, niambie kinachoweza, nitakifanya. Ukinikasirikia pia niambie. Ila usinyamaze, maana kunyamaza nimekufanya miezi mitano na sikutakii wewe.

Mjomba Barasa anasafiri Ijumaa, ndiye atakayekuletea hii. Nitamwambia ni barua tu, aweke mfuko wowote, ale kwa mkono anaotaka.

Msalimie Senge, umwambie sauti yake inatufikia vizuri. Msalimie binamu yangu Sifuna aliyerithi kitanda changu, asikisogeze kutoka ukutani, mguu mmoja umeegemea jiwe. Mchungaji na mkewe walionifundisha kusoma kwa sauti, wasalimie, ingawa wanajua kusoma kwa sauti mpaka leo kunanishinda. Na mgomba wangu mimi, ule wa kwanza kutoka jikoni, unigusie.

Mama alikuwa nje akianika nepi, mtoto mgongoni. Sasa kamba ya nguo imeacha kulia. Nasikia slipa zake zinakuja, na mkia wa Chapo unapiga mlango kwa nje, ndivyo anavyofanya akimwona Nasimiyu. Kitabu cha Jiografia kiko hapa kando ya kiwiko changu. Nimekifunga na kukisukuma upande wa pili wa meza.

Ameingia. Anauliza, "Unaandikia nani muda huu wote?"

Nimesema, "Kukhu." Sikufunika kitu. Nimempokea mtoto na kumvutia Mama kiti, na sasa naandika kwa mkono mmoja huku yeye akiisoma barua hii kutoka mwanzo.

Ni mimi mjukuu wako, uliyemlea,
Nafula