Magurudumu ya Deus Yako kwa Mtani

Jumatatu, 3 Juni

Nachuja asali tangu asubuhi. Nyuki wafu tele safari hii. Yule bwana wa Ulyankulu anayeniletea anakamua kama anafua nguo. Mikono inanata mpaka kwenye kalamu.

Gari la Deus bado liko uani, juu ya matofali. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, limegeuka banda la kuku. Mwaka unatimia sasa tangu tumzike mdogo wangu.

Mama kauliza tena. Misa ya mwaka ni Jumamosi ya wiki ijayo, kule Usoke, na msalaba wa saruji utasimikwa kaburini kwake. Anasema atakwenda kwa gari la mwanawe au haendi. Deus alimwahidi. Aliliendesha kutoka Dar mpaka hapa Tabora, akamwambia Mama, Jumapili nakupeleka Usoke ukamwone baba kaburini, unakaa mbele kama bibi harusi. Jumapili hiyo hakuiona. Moyo.

Nikamwambia gari halina magurudumu. Akajibu, yapo, na unajua yalipo.

Najua. Mji mzima unajua.

Jumatano, 5 Juni

Yako kwa Kibwana, Mzaramo, muuza spea za mtumba karibu na soko. Mtani wetu. Ameyapanga mbele ya duka, yote matano pamoja na la akiba. Mimi hupita upande wa pili wa barabara.

Siku ya mazishi alivaa miwani myeusi ya Deus, akakaa kwenye gari, akapiga honi. Akamwambia maiti ashuke jenezani aendeshe mwenyewe, sisi Wanyamwezi ndio tumezoea kubeba mizigo, tusimsumbue yeye Mzaramo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Haya, ni utani, tumeukuta. Kisha akafungua magurudumu, akayavingirisha moja moja hadi kwake. Komboeni, anasema. Kuku mmoja na maneno mawili ya kumtukana, basi, anarudisha. Ndivyo ilivyo.

Lakini Mama alicheka. Mwanawe hajafukiwa, anacheka! Hilo ndilo lililonichoma. Nikasimama mbele ya waombolezaji wote, nikamwita mwizi. Si kwa utani. Nilimwita mwizi kama anavyoitwa mwizi.

Akavua miwani, akaiweka juu ya boneti, akaondoka. Tangu hapo kimya. Akiyarudisha bila kukombolewa, amekubali kwamba aliiba. Mimi nikienda na kuku, nimekubali kwamba hakuiba. Basi na akae nayo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata magurudumu mengine! Yametoka kwenye gari moja kubwa la saluni lililopinduka njia ya Nzega. Rimu zinang'aa. Tairi pana, zimezidi zile za Deus kwa vidole vitatu hivi. Zina maisha bado.

Fundi Shija kapima. Matundu ya nati matano kwa matano, yanalingana. Nilifurahi kama mtoto. Yeye hakufurahi. Anasema matundu kulingana si kuenea, gari hili si la viatu hivi. Anasema pia viatu vyake viko mtaa wa pili, dada, kwa nini tunahangaika.

Nimemwambia nimemleta kufunga nati, si kunihubiria.

Jumamosi, 8 Juni

Hayaingii. Yaani yanaingia, ila gurudumu la mbele linagusa shokapu kwa ndani. Halizunguki.

Shija kaweka kipande cha chuma katikati ili kulisukuma nje. Sasa halishiki ndani, linashika nje. Tairi limetokeza kwenye madigadi kama tumbo la diwani. Ukikaa kwenye kiti, bodi inashuka na kulikalia.

Na tundu la katikati la rimu ni kubwa mno. Linapwaya. Shija anataka akakereze pete ya kuziba nafasi, nisubiri mpaka mwenye mashine arudi kutoka Urambo. Sina muda wa kusubiri mtu wa Urambo. Nimemwambia afunge hivyo hivyo. Akaniangalia, akafunga.

Jumanne, 11 Juni

Shija kagonga madigadi kwa nyundo, kakunja ukingo kwa ndani. Rangi ya Deus imepukutika kama maganda ya karanga. Nilishindwa kuangalia. Nikaenda kusimama jikoni, nikalia kidogo, nikarudi.

Mama alikuwa barazani anatazama. Afadhali angenifokea.

Mjumbe wa nyumba kumi kapita. Eti, si umwendee tu mtani? Mtani hakasirikiwi. Nimemuuliza kama yeye ndugu yake aliwahi kuchezewa kabla hajazikwa. Akasema ndiyo, baba yake, watani walilala kaburini wakadai kodi ya shimo, na mpaka leo akikumbuka anacheka. Mfyuu. Watu wa mji huu wana mioyo ya mawe.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelijaribu. Mpaka Itetemia na kurudi. Likinyooka linakwenda. Ukikata kona linakwangua, harufu ya mpira inaingia ndani. Ukikanyaga mafuta usukani unatetemeka, mikono inakufa ganzi.

Lakini linakwenda!

Wakati wa kurudi nimepita mbele ya duka la Kibwana makusudi. Taratibu. Nilitaka aone. Alikuwa anafuta vumbi magurudumu ya Deus kwa kitambaa. Akainua macho, akaangalia tairi zangu, akaendelea kufuta. Hata kucheka hakucheka. Zamani angepiga kelele soko zima lisikie: mpagazi, umeiba wapi hivyo viatu vya babu? Nami ningemjibu auze duka akacheze mdundiko kwao.

Sijali.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa nimechoka. Niandike hivyo hivyo.

Mama alivaa kitenge kipya, akakaa mbele, akafunga mkanda mwenyewe. Akapapasa dashibodi. Akanisalimu mwangaluka, kama vile ndiyo kwanza tunaonana. Alikuwa na furaha. Kwa lami yote ile niliendesha polepole, usukani unatetemeka, na yeye anaimba nyimbo za kanisani. Nikafikiri nimeshinda.

Tulipoacha lami kuingia njia ya shambani kuna mtaro wa mchanga, magari ya tumbaku yameuchimba. Nikakata kona. Gari likashuka. Ule ukingo uliokunjwa kwa nyundo ukauma tairi la mbele. Mlio, halafu kishindo. Ubavu wa tairi umechanika kama kitambaa, unaingiza mkono. La akiba hakuna. Lilichukuliwa.

Jua kali. Misa saa nne. Nikasema nitafute pikipiki impeleke, nikasahau kwamba nyonga zake haziwezi pikipiki. Hakuna gari lililopita.

Mama akatoa simu yake ndogo kwenye mkoba. Akabonyeza, akasema, "Mtani, njoo na viatu vya mwanangu. Nimekwama hapa kwenye njia panda ya kwetu." Akakata.

Ana namba yake! Akaniambia mwenyewe: kumbe kila Jumapili mimi nikiwa misa ya pili, Kibwana anampigia Mama kumtukana. Mwaka mzima. Wanatukanana mpaka salio linakatika. Nyumba yangu mwenyewe, mimi sijui. Sikuweza kumtazama.

Kibwana alikuja na pikapu yake ndogo, kirikuu, magurudumu yote matano nyuma. Yamejazwa upepo, masafi. Akashuka akimfokea Mama, "Mpagazi, kubeba kumekushinda, sasa unabebwa, na aliyekubeba naye amekutupa!" Mama akacheka mpaka akatoa leso. Akachota karanga mkobani, konzi moja, akampa. "Shika, nimekomboa. Mzaramo mwizi." Kibwana akazila palepale, anasema ni mbichi na zina mchanga, kama mwenyewe alivyo.

Kisha akanigeukia. Mikono nyuma.

"Shikamoo, dada."

Ni rika la Deus, mdogo kwangu. Tangu tujuane hajawahi kuniamkia. Mtani haamkiani na mtani. Nikasema marahaba. Mama akaacha kucheka.

Alipiga jeki, akatoa vyuma vya Shija, akafunga magurudumu ya Deus. Yaliingia kama mguu kwenye kandambili yake. Madigadi aliyapitishia kiganja tu.

Misa ilikuwa imekwisha. Tulikutana na padri njiani anarudi. Msalaba ulishasimikwa bila mama wa marehemu. Saruji ilikuwa bado mbichi chini. Mama akainama kwa tabu, akakandamiza kiganja chake pale. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilisimama kando na funguo mkononi. Hasira ilinijaa na sikuwa na mtu wa kumpa.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda misa ya pili. Simu ya Mama ikalia. Akaichukua, akatoka nayo hadi nyuma ya nyumba. Nilisikia kicheko chake kupitia dirisha la jikoni.

Jumatano, 19 Juni

Nimekwenda. Na kuku. Tetea mweupe, yule mnene. Magurudumu yalishakombolewa, lakini nimekwenda.

Njia nzima nilikuwa naandaa tusi. Nilipofika nikalitoa kwa sauti, wateja wamejaa: "Mzaramo wewe, njaa itakuua, nimekuletea kuku ule uache kula vyuma vya watu!" Watu wakageuka, wakangoja.

Kibwana akafuta mikono. Akampokea kuku kwa mikono miwili. "Asante sana, dada. Shikamoo." Akaniletea kiti. Akauliza hali ya Mama. Akaniuliza ninakunywa soda gani.

Nilikunywa soda. Nikaaga.

Jumanne, 25 Juni

Asali nzuri safari hii, kutoka Urambo. Safi, haina nyuki.

Gari linakwenda laini kabisa. Halitetemeki, halikwangui. Nimelipeleka sokoni asubuhi na nimerudi nalo jioni. Mara zote mbili nimepunguza mwendo mbele ya duka la Kibwana, nimeshusha kioo, labda atanitukana.

Ananipungia mkono kwa adabu. Yule tetea amefungwa kamba nje, hajachinjwa. Wanampa maji.