Folda ya Wamalwa Inayorudi Kila Asubuhi

Kosa la wengi, mashine ikirudisha kitu walichokifuta, ni kukifuta tena. Dada huyu wa Elburgon amefuta siku kumi na moja mfululizo.

*Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa sababu hapa ofisini sina tena wa kuuliza, mimi hushughulikia programu ya kupanga safari za malori ya mbao, na aliyeijenga, Wamalwa, alifariki Machi, tukanunua kompyuta mpya nikahamishia humo kazi yake, ile klasta ya majaribio, yaani kundi la programu zinazowaka pamoja, na kontena zake, visanduku vinavyozibeba programu hizo, lakini folda yake binafsi sikuileta, naapa, na bado kila asubuhi saa moja na dakika kumi na mbili, saa aliyozoea kuingia kazini, inajitokeza folda yenye jina lake, ndani yake nyingine inaitwa mipangilio, tupu kabisa, halafu klasta inakataa kuwaka ikisema imetafuta faili ikakuta folda, nikifuta kesho iko, Bhavik wa mauzo anacheka, "Mwambie akirudi apitie chapati," lakini mimi nilimwambia mjane wake, Nekoye, na sasa huja kila siku kabla sijavua koti, "Jero, amekuja?" na juzi alinishika mkono nisifute, "Wacha akae kidogo," na Jumatatu ijayo anatakiwa kuanza kufundisha Bungoma karibu na mamake, amekataa kukata tiketi, ati hawezi kumwacha humu peke yake. Nifanye nini? Jerotich.*

Jerotich, pole kwa msiba. Lakini ulimpelekea mjane habari kabla ya kusoma faili ya kuwashia kontena, na hapo ulikosea sana.

Angalia mwenye folda hiyo. Utakuta ni root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, si Wamalwa. Kontena zako huwashwa na agizo aliloandika yeye kwenye faili hiyo, kwa saa aliyoiweka yeye. Mstari mmoja humo unasema faili ya mipangilio iazimwe kutoka folda yake binafsi. Kwenye kompyuta ya zamani faili ilikuwepo. Kwenye mpya haipo, na Docker, programu inayoendesha kontena, isipoipata haiulizi mtu: hutengeneza folda tupu yenye jina hilo na kuendelea. Programu ikifungua ikitarajia faili yenye maandishi, inakuta folda. Wewe unafuta folda, agizo linabaki.

Sisemi hakuna cha kutisha. Mtu yuko kaburini tangu Machi, na kila asubuhi mashine inatii alichoandika, inamtengenezea mahali, inamngoja. Mimi mwenyewe nilisoma barua yako nikageuka kuangalia mlango. Lakini humo hamna mtu wa kuachwa peke yake, na Nekoye ana darasa linalomsubiri.

Zima kontena, ondoa folda, weka faili halisi ya mipangilio kwenye folda ya kazi, kisha elekeza mstari huo huko. Ila usifanye kwa siri. Nekoye akikuta folda haipo ataamini mumewe ameondoka bila kumuaga, na utakuwa umemuua Wamalwa mara ya pili.

Leo mketishe mbele ya kompyuta, umsomee mstari huo kabla hujaubadilisha.