Ubeleko wa Bi Aziza

Kasongo, Jumapili, baada ya swala ya asubuhi

Kwa ndugu yangu mkubwa, Yaya Amuri bin Sumaili, huko Kabambare. Nakusalimu wewe na wote ulio nao safarini. Ule mguu uliokuwa unakuuma umepoa? Mimi sijambo, mume wangu Ramazani hajambo, na mpwa wako Lukumani ameota meno mawili, sasa anauma kila kitu, hata kalamu hii. Ukiona wino umeruka mahali, ujue ni yeye.

Yaya, kwanza usifunge mzigo. Nimesikia msafara wenu unajitayarisha kwenda ziwani, mvuke mpaka Ujiji kutafuta nguo. Soma barua mpaka mwisho, kisha uende kama bado utataka.

Hali ya mji uliiacha ukiijua. Tangu vita, nguo za pwani haziji, na zisipokuja hakuna ndoa. Kila mama anataka mkaja kwa ajili ya tumbo lililomzaa binti yake, na ubeleko kwa ajili ya mgongo uliombeba, na wazee wanataka kilemba, na vyote viwe vya merikani. Vijana wavitoe wapi? Walioondoka kuvitafuta kabla yako hata habari zao hatuna. Mwalimu wa msikitini anasema kinywa chake kinaanza kusahau hotuba ya nikahi. Wanaooa ni wazee waliofukia masanduku ya nguo chini kabla ya vita, nao walikwisha kuoa zamani!

Basi Ijumaa Mzee Kassimu akaja kwa jirani yako Bi Aziza kumposa binti yake Faida. Ndiyo, Faida huyo huyo unayemtafutia nguo. Kaa chini, usiruke. Mzee ana wake watatu, lakini ana sanduku, na Bi Aziza ni mjane. Tuliitwa wanawake wa jirani tushuhudie nguo. Mimi nilikwenda na moyo mzito, Lukumani mgongoni.

Sanduku likafunguliwa, Mzee akaishika merikani kwa mbwembwe, akaikung'uta mbele yetu. Ikamwagika udongo. Mchwa, Yaya! Wameila tangu vita mpaka leo. Jua lilipita ndani yake likatuchora madoa usoni. Bi Aziza akauliza, “Hii iko nguo ao kichungio?” Mzee akasema matundu ni madogo, yatashonwa. Bi Aziza akamjibu ya kwamba uzi wa kuyashona yote hauko hapa Kasongo. Nyuma ya mlango tukamsikia Faida anacheka mpaka anakohoa. Mzee akafunga sanduku lake, akaenda zake.

Tulipomaliza kucheka, Bi Aziza alikaa kizingitini. Alisema kwa sauti ndogo kwamba binti yake atazeekea humu ndani. Halafu nikaona ananitazama, si mimi bali kile nilichomfungia Lukumani. Akaja akakivuta kama mtu anayejaribu kamba. Akauliza kinatoka wapi.

Hapa, Yaya, unisamehe. Ulinikataza nisimwambie mtu, nami nimesema. Nilisema ni kiramba, nguo ya nyuzi za majani ya mti wa mwale, na anayekifuma ni ndugu yangu Amuri, nyuma ya nyumba yake, amefunga mlango. Wakashangaa, maana sisi waungwana wa mjini tumezoea kusema viramba ni nguo za watu wa porini. Nikaona aibu kwa ajili yako, kisha aibu ikageuka hasira. Nikakimbia kwako, nikafungua, nikachukua viramba vyote ulivyoficha juu ya dari, nikamwaga mbele yao, vyekundu, vyeusi, na vile vya mistari. Bi Aziza alichukua kimoja akakiuma kwa meno kama Lukumani. Hakikuchanika. Akasema huo ndio ubeleko wake.

Basi nikamtuma Ramazani jioni ile ile akuposee kwa jina lako, bila wewe kunituma. Baba mdogo wa Faida amekubali kilemba cha kiramba. Ndoa ni baada ya mavuno ya mpunga. Na tangu jana vijana wawili wameniuliza utarudi lini, wanataka uwafundishe kufuma, sababu mama wengine nao wameanza kulainika!

Nilimwuliza Faida kama amechukia kusikia kazi yako. Alicheka tena. Anasema tangu masika alikuwa anasikia mti wako wa kufumia ukigonga upande wa pili wa ua, na ukinyamaza siku moja anadhani unaumwa. Tangu uondoke halali vizuri. Kile kiramba ulichoacha nusu kwenye mti hakuniruhusu nikiguse. Anasema ukimalize wewe, ndicho atakachovaa.

Ramazani anakusalimu, jirani zako wote wanakusalimu, na Lukumani anakutumia alama ya meno hapo pembeni. Tunakutazamia njiani.

Ni mimi, niliyebebwa baada yako kwenye mgongo ule ule,
Subira binti Sumaili