Viatu Vyekundu vya Malkia

Jumatatu, 3 Novemba

Mazoezi tangu asubuhi. Mwongozaji ni mume wangu. Tanzia ya Wagiriki wa kale kaivalisha suti: mfalme ni jenerali katoka vitani, ikulu ni fleti ya ghorofa ya nne. Mimi ndiye malkia anayemsubiri. Kila asubuhi anatugawia kurasa mpya, moto moto. Wewe tu, daftari, ndiwe ninayekuambia: nimechoka kulala na mtu anayenisahihisha hata ninavyopiga chafya. Jumamosi, onyesho la kwanza likiisha, sirudi nyumbani. Begi liko kwa dada. Basi!

Jumanne, 4 Novemba

Kurasa mpya. Malkia amechoka kulala na mtu anayemsahihisha hata anavyopiga chafya. Moyo ulinilipuka — paa! Labda niliropoka usingizini. Mzee wa kwaya ya mchezo wetu alicheka mpaka akakohoa, eti bwana wangu anawajua wanawake.

Jumatano, 5 Novemba

Leo malkia kaficha begi kwa dada yake. Na begi lenyewe liko jukwaani — langu! Zipu ile ile niliyoibana kwa pini. Nikampigia dada. Eti shemeji kapita jana na tabasamu lake, kaomba begi la maigizo, naye kampa. Dada jamani! Nililia chooni, bomba nimelifungulia.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimetulia. Nimenunua viatu vyekundu vya safari, nimevificha chini ya meza ya vipodozi. Nitaondoka tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ukurasa wa tisa: malkia anatoka na viatu vyekundu. Fundi wa mavazi kaambiwa viko chini ya meza ya vipodozi. Katafuta weee, kapiga magoti, kaambulia vumbi.

Sijanunua viatu vyovyote.

Kumbe! Ndani ya foronya yangu ninamokuficha, daftari, upande wangu wa kitanda, mkono wake unaingia kila alfajiri.

Jumamosi, 8 Novemba

Onyesho saa moja jioni. Ukurasa wa mwisho mweupe. Nikauliza mbona. Akanibusu kwenye paji la uso: nisiwe na pupa, ataujaza mchana. Kaenda kuoga, anapiga mluzi. Mlango wa mbele kaufunga. Ufunguo haupo kwenye msumari wake.

Kwa hiyo unaningoja niujaze mimi, bwana. Naogopa. Nitakachoandika hapa, jioni nitakisema mbele ya watu mia tatu.

Maji yamenyamaza. Haya, malkia aseme hivi, wote wakimsikia: Nipe ufunguo.