Mama, Walikwambia Umenawiri

Mama yangu,

Leo sikuandikii ili nikulilie. Nimeshalia vya kutosha, na macho nayahitaji kutungia uzi, maana cherehani yako sasa naikalia mimi. Nakuandikia kukueleza nilichomfanyia Baba Deo, nikueleze mwenyewe kabla hujakisikia kwa wengine.

Unakumbuka Manyara ilipofanywa mkoa na Babati ikawa makao makuu? Watumishi walishuka na mabasi kutoka kila upande, kila mmoja na kitambaa chake, anataka suti ya ofisini kabla ya Jumatatu. "Tumepata mkoa, mwanangu, tumepata na wateja," ulisema. Ndipo baridi yabisi ikakukamata vidole. Asubuhi uliloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto mpaka vidole vikunjuke, na mimi nikakufunga vifungo vya gauni kama ulivyonifunga mimi zamani. Hospitali walikupa dawa, wakakwambia inafanya kazi polepole, na kila mwezi urudi upimwe damu. Polepole, na mteja amesimama mlangoni!

Baba Deo alikuwa na duka lake la dawa baridi hatua chache kutoka kibaraza chako cha sokoni. Akakufungia bahasha ya karatasi isiyo na jina. Vidonge vidogo vyeupe asubuhi, vya njano mchana na jioni. "Mama Paulina, hivi vitakurudisha usichana," alikwambia. Duka la aina ile halikuruhusiwa hata kuwa navyo. Mimi sikulijua hilo, yeye alilijua.

Na kweli, wiki ile ile uliweza kukunja ngumi. Ukanitikisia usoni, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hospitali hukurudi tena. Msimu wa sare za shule ulipofika, ukaanza kumeza viwili viwili.

Halafu uso wako ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo. Hapo ndipo tulipokosea sote, kwa sababu kwetu mtu akinenepa uso hakuna anayemuuliza anaumwa nini. Mtaa wetu mzima wa Nakwa ulikusifu. "Mama Paulina, umenawiri!" Mimi mwenyewe nilikupeleka kwa mpiga picha, nikakuchagulia kitenge. Na wewe kanisani ukasimama kushukuru kwa uponyaji, ukamtaja Baba Deo kwa jina, na kesho yake akina mama wenye magoti yao wakapanga foleni dukani kwake.

Miguu ilipoanza kuvimba tulisema ni kukaa sana kwenye cherehani. Pumzi ilipoanza kukatika tulisema ni vumbi. Nilipokufikisha hospitali moyo ulikuwa umeshachoka. Daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo. Vidonge vile vinazuia maji na chumvi mwilini, vinapandisha presha, na vikimezwa pamoja bila kipimo, moyo unasukuma mpaka unashindwa. "Ila hata baridi yabisi yenyewe huusumbua moyo," akaongeza. "Siwezi kuapa kuwa ni vidonge peke yake." Maneno yale ya mwisho sikutaka kuyasikia, na mpaka leo siyataki.

Baba Deo alikuja msibani kwako. Mimi ndiye niliyemmiminia maji ya kunawa mikono, nikatamani yangekuwa yanachemka. Akala wali wako, akasimama, akasema tumempoteza mtu wa watu. Baada ya matanga nilimfuata na bahasha yako.

"Una karatasi gani yenye jina langu?" akaniuliza.

Sikuwa nayo. Nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wale akina mama, nikawarudishia maneno ya daktari, nikawasindikiza hospitali. Wote niliwaambia, Mama. Mmoja tu sikumwambia.

Huyo ni Bibi Anna, mama mzazi wa Baba Deo. Mwanawe alimhamisha kutoka kijijini Singe ili amtunze kwake, na kila Jumapili anamkalisha benchi la mbele. Nilimwona uso umejaa, shingo imeshiba, watu wanamshika mkono. "Bibi, umenawiri! Mwanao anakutunza." Baba Deo anatabasamu. Nikaelewa kwamba hakuwa mwongo, aliviamini vidonge vyake mpaka akampa mama yake mzazi. Hilo lilinichukiza zaidi. Na nikaelewa pia kwamba sihitaji polisi wala karatasi. Ninyamaze tu, naye atazika kama nilivyozika.

Jumapili tatu nilikaa nyuma ya Bibi Anna nikaimba. Sitakudanganya, niliimba kwa raha. Ubeti wa pili haumalizi, anahema, na mimi napandisha sauti.

Jumapili ya nne alinishika mkono mlangoni. "Mwanangu, nifungie kiatu, mgongo umekataa." Nikainama. Mkanda haukufika. Kidole gumba changu kilibonyea kwenye mguu wake, na lile shimo likabaki pale pale, halirudi. Sikuweza kuimba tena siku hiyo.

Kesho yake nikaenda kwao. Baba Deo alikuwa anakunywa chai. Nilimwamkia bibi, nikapiga magoti, nikambonyeza mguu mbele ya mwanawe.

"Tazama," nikamwambia. "Hili nililiona kwa mama yangu, wewe ukasema ananawiri."

Alifungua mdomo anifukuze. Kisha akainama, akabonyeza mguu wa pili kwa kidole chake mwenyewe, akasubiri. Nilimtazama usoni muda wote. Hicho ndicho nilichokuwa nimekifuata.

"Jamani, mbona mnanipapasa kama mbuzi wa mnadani?" akauliza bibi.

Nilimwambia Baba Deo asivikatishe ghafla, ampeleke hospitali leo hii, daktari ndiye ajue namna ya kuvipunguza. Hayo pia ningeweza kumnyima. Walikodi teksi, wakamwahisha.

Jana Baba Deo alikuja kibarazani kwako. Hakukaa. Bibi Anna anapumua vizuri, anadai uji wenye sukari. Nilidhani ataniomba msamaha, na jibu nilikuwa nalo. Badala yake akauliza, "Paulina, ulijua tangu lini?"

"Jumapili tatu kabla," nikamwambia.

"Ukanyamaza?"

"Nikaimba."

Akageuka, akaondoka. Ningeweza kumdanganya, Mama, ila nilitaka alale na hilo, aamke nalo, kila atakapomwona mama yake anakunywa uji. Kumwokoa yule bibi sijutii. Zile Jumapili tatu nazo bado sijazijutia, na huko uliko usiniombee nizijutie haraka.

Binti yako, uliyemjua mpole,
Paulina